Singo Iliyowasha

Mimi kwa tabia si mtu wa kunyamaza. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikilalamika, na kwamba nilimkodolea macho mkunga kama mtu aliyecheleweshewa chai yake. Kwa hiyo waliponiambia, wiki ya harusi yangu, kwamba bibi harusi hasemi, hainui macho na haombi kitu, nilijua mtihani wangu hauko kwa mume wala kwa wakwe. Uko mdomoni mwangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, na harusi zilifanywa kwa kubana. Liwa, ule mti wa manukato uliokuwa ukija kutoka Bara Hindi, haukuonekana madukani. Marashi ya waridi uliyapata kwa kujuana, na sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Lakini bibi harusi lazima asingwe, asuguliwe mwili mzima kwa singo ya manukato, maana asiyesingwa watu watasema alichukuliwa mbio mbio. Nilikuwa na somo wangu, mwanamke wa makamo aliyenifunza mambo ya unyumba na aliyetakiwa kunisimamia mpaka nitolewe. Alizungukia maduka yote ya Darajani akarudi na kikapu kitupu, akakaa kwenye ngazi za uani, akavua viatu.

"Dukani hamna kitu," akamwambia mama. "Tutazame jikoni kwako."

Jikoni kwa mama kulikuwa na karafuu, kwa sababu Unguja hata wakati wa dhiki karafuu hazikosekani. Kulikuwa na manjano mabichi yaliyochimbwa nyuma ya choo cha uani. Kulikuwa na nazi, na penye nazi pana chicha, yale makapi yanayobaki ukishakamua tui. Kwetu chicha walipewa kuku. Somo akasema atatwanga karafuu na manjano, achanganye na chicha, na kwamba bibi zetu walisingwa hivyo hivyo kabla hiyo liwa haijajua njia ya kuja. Sijui kama ilikuwa kweli. Alisema kwa sauti ya mtu asiyependa kuulizwa, basi hakuulizwa.

Nilisingwa tangu Jumatatu, nimelazwa kwenye mkeka katika chumba cha ndani cha ghorofani, madirisha yamefungwa, nje nikisikia makuli wa bandarini wakiitana. Somo alinisugua mikono, miguu, mgongo na shingo. Chicha ilikwangua taka ambazo sikujua kama ninazo, na manjano yaliniacha na rangi ya mchuzi. Lakini ngozi ikawa laini, hilo siwezi kulikana. Nilikuwa nikijishika mkono gizani na kuona raha, nikidhani ni mkono wa mtu mwingine.

Uso tulikuwa hatujaugusa. Uso uliwekwa mpaka Jumatano, kwa sababu Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku yenyewe ya hatari.

Hapa inanibidi nirudi nyuma kidogo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa na ukurutu. Ulinishika kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, nikijikuna mpaka damu, na uliondoka wenyewe nilipovunja ungo. Ulitoka mwilini, lakini haukutoka katika midomo ya watu wa mtaa wetu wa Malindi, hapa Unguja mjini. Sasa aliyeniposa alikuwa seremala wa Mtoni, nje ya mji. Alikuja kwetu kutengeneza mlango wa mbele, nikasimama nyuma yake nikimwambia bawaba ameiweka juu mno, na badala ya kukasirika akanipa nyundo, akaniuliza niiweke wapi. Mama alinipigia kelele nirudi ndani. Nilirudi, lakini nilikuwa nimeshaamua. Nasema wazi kwamba nilikuwa nikimtaka, na kwamba sikumtaka mwingine.

Mama yake seremala huyo alifariki yeye akiwa hajajua kutambaa, akalelewa na shangazi yake. Shangazi huyo ndiye baba na ndiye mama. Akisema ndiyo imekuwa, akisema siyo watu wanakunja mikeka. Basi kuna mtu, mpaka leo sijui nani, alimfikishia maneno kwamba msichana wa Malindi ana maradhi ya ngozi na wazazi wake wanamficha. Shangazi akatuma ujumbe. Ndoa ni Ijumaa. Yeye atakuja Alhamisi, amwone bibi harusi kwa macho yake, mchana, uso mtupu.

Mama alipoupata ujumbe ule alikaa chini. "Anakuja kututafutia sababu," akasema. Na mimi nilidhani hivyo hivyo. Usiku sikulala vizuri, nikimwona mwanamke mrefu mwenye macho makali akinigeuza kama mtu anayechagua kitambaa chenye kasoro.

Jumatano asubuhi uani kwetu kulijaa wanawake. Harusi Malindi haikuwa ya nyumba moja. Majirani walileta masufuria yao, miko yao, mbuzi zao za kukunia nazi, na vinu vyao. Mmoja akitwanga bizari za pilau, mwengine kitunguu thomu, mwengine pilipili za achari. Nyumbani kwetu kinu cha pilipili kilikuwa kimoja, kidogo, kimekatwa alama ukingoni ili kisichanganywe na vyengine, kwa sababu mti wa kinu hunywa pilipili na hauitoi hata ukiosha namna gani. Kila nyumba ilikuwa na desturi hiyo. Kila nyumba pia ilikuwa na alama yake, na siku ile vinu vya nyumba zote vilikuwa vimepangwa pamoja kwenye kivuli cha ukuta mmoja, vimeoshwa, vinakauka.

Somo alichukua kinu kimoja kilichokuwa hakina alama yetu. Akakinusa, maana alikuwa mtu mwangalifu, lakini tangu alfajiri alikuwa akishika karafuu, na mtu aliyeshika karafuu hanusi kitu kingine. Akatwanga, akachanganya na chicha, akaja nayo katika bakuli la udongo, akanipaka uso mzima, mpaka nyuma ya masikio na chini ya kidevu. Akanisugua taratibu kwa viganja viwili.

Mwanzoni sikusikia kitu. Karafuu hufisha ganzi, anayejua ni yule aliyewahi kuitia kwenye jino. Uso wangu ukapoa, ukawa haupo. Kisha ukaanza kuwasha pembeni ya pua. Nikajikaza. Kisha mashavuni, kisha juu ya mdomo, na kuwasha kukageuka kuungua.

"Somo," nikasema kwa sauti ndogo, "inawasha."

"Singo huwasha," akajibu. "Ndiyo inaingia. Bibi harusi hasemi."

Nikanyamaza. Mimi, niliyegombana na fundi juu ya bawaba ya mlango, nilinyamaza. Nilijiambia kwamba kesho anakuja yule mwanamke, na kwamba uso wangu lazima uwe safi, na kama usafi unaingia kwa moto basi na uingie. Nilishika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yakitoka yenyewe, yakichora njia kwenye manjano, na somo akanisifu kwa uvumilivu. Alisema amesinga mabibi harusi wengi, lakini mwenye adabu kama mimi hajamwona. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusifiwa kwa kukaa kimya, na ilinisaidia kukaa kimya zaidi.

Mama ndiye aliyeingia kuleta uji. Aliufungua mlango, mwanga ukanipiga usoni, na uji ukaanguka.

"Huyu kafanywa nini?"

Sikujiona, lakini nilijigusa. Midomo ilikuwa imevimba, kope zilikuwa zimejaa, na mashavu yalikuwa na moto unaohisika kwa kidole. Somo alileta taa karibu, akaniangalia, akaita maji. Wakanimwagia maji. Wakaleta kile kipande cha sabuni kilichowekwa kwa ajili ya siku ya harusi, wakanisugua nacho, wakanimwagia maji tena, na moto ukashuka shingoni, ukaingia kifuani. Hapo adabu ilikwisha. Nikapiga kelele mpaka uani wakaacha kutwanga.

"Ukurutu umerudi," nikasikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake mlangoni.

Na katikati ya hayo ikasikika hodi chini.

Alikuwa yeye. Alikuwa aje kesho, lakini lori la nazi la kutoka Mtoni lilikuwa linashuka mjini siku ile, na kesho halikuwepo, basi akapanda leo. Nilimsikia akisalimiwa, "Shikamoo," na akijibu, "Marahaba," mara nyingi, hatua zake zikipanda ngazi pole pole. Mama alinishika bega. Nikajua kwamba anafikiria mlango uliotengenezwa na kijana yule, na mikeka, na masufuria ya watu yaliyojaa uani, na namna ya kuyarudisha.

Hakuwa mrefu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, kanga zake zimefuliwa mpaka zimefifia, na nyuma yake msichana wa jirani amembebea pakacha la nazi, zawadi yetu. Alisimama mlangoni akaniangalia. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka uliolowa, uso wa manjano, midomo kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, nalia.

"Haya ndiyo niliyoambiwa?" akauliza.

"Bi mkubwa," mama akaanza, "huyu jana alikuwa mzima, Mungu shahidi, tulikuwa tunamsinga tu..."

Shangazi alipiga magoti mbele yangu kwa shida, maana magoti yake hayakuwa mazuri, akanishika kidevu, akakielekeza kwenye mwanga. Akapitisha kidole shavuni kwangu. Kisha akakitia kidole mdomoni.

Nilimwona akikunja uso, macho yakimjaa maji, akikohoa kidogo. Akafuta ulimi kwa ncha ya kanga.

"Hii pilipili," akasema. "Pilipili mbuzi. Ukurutu hauna ladha."

Sijui kama niliwahi kusikia neno tamu kuliko hilo. Mama alijifunika uso kwa kanga na mabega yakawa yanamtikisika, na sikuelewa kama analia au anacheka mpaka baadaye aliponiambia yalikuwa yote mawili. Somo alitoka mbio kwenda uani, akaanza kulamba vinu kimoja kimoja. Tulimsikia alipokipata.

"Na nani kakwambieni mtie maji?" shangazi akauliza. "Maji yanaitembeza tu. Nipeni mbuzi na kifumbu."

Hakungoja mtu atumwe. Alivunja nazi zake mwenyewe kwenye kizingiti, akakaa juu ya mbuzi katikati ya chumba cha bibi harusi, kanga amezikusanya mapajani, akakuna. Nazi zake zilikuwa zimekomaa vizuri, nyeupe, zenye mafuta. Akazitia kwenye kifumbu, kile kifuko cha kusukwa cha kukamulia tui, bila tone la maji, akakamua kwa nguvu, likatoka tui zito linaloteremka kwa uvivu. Akachovya kitambaa cha pamba, akanilaza, akanifunika nacho uso.

Sitaki kulitia chumvi jambo hili, lakini nafuu ile naikumbuka kuliko mambo mengi makubwa yaliyonipata baadaye. Kwanza moto ulirudi nyuma kutoka puani. Kisha mashavu. Akakitoa kitambaa, akafuta, akakitupa, akachovya chengine. Kila alipofuta, kitu kilitoka. Alisema mafuta ya pilipili hayamsikii mwengine ila mafuta mwenzake. Aliposhika cha tatu au cha nne nikaweza kufumba macho bila kuona moto ndani yake, na nikashusha pumzi ndefu ambayo nadhani niliishika tangu ujumbe wake ulipofika. Nililala pale, tui likinitiririkia masikioni, nikawa nalia tena, lakini sasa nalia kwa raha.

Uani walirudi kutwanga. Mtu alicheka. Nyumba yetu ikawa na sauti ya nyumba yenye harusi.

Tui lilibaki bakulini, na shangazi hakuwa mtu wa kumwaga nazi. Akaniinua, akanifumua nywele zilizoshikana kwa manjano na sabuni, akanitia tui lote lililobaki kichwani, akaanza kunichana. Mama alishuka kupika, somo alikuwa bado anazozana na vinu. Tulikuwa wawili tu. Alichana kuanzia ncha kupanda juu, akishika nywele juu ya fundo ili nisiumie. Mama hakuwahi kunichana hivyo. Mama alichana kama mtu anayewahi mahali.

"Ilianza kukuunguza lini?" akaniuliza.

"Tangu anapaka."

"Mbona hukusema?"

"Nlisema mara moja. Wakanambia bibi harusi hasemi."

Akaendelea kuchana. Nilifikiri ameridhika na jibu langu, kwa sababu lilikuwa jibu la adabu. Kisha akaniuliza kama najua kwa nini alitaka kuniona kabla ya ndoa. Sikuthubutu kumwambia tulichokuwa tukikisema. Nikatikisa kichwa, na chanuo likanasa.

"Mamake yule kijana alikuja kwetu bibi harusi kama wewe," akasema. "Alikuja na ugonjwa wake. Maumivu ya tumbo. Akaambiwa mgeni hasemi, akanyamaza. Akaniamkia kila asubuhi, akapika, akafua, na mimi n'nalala chumba cha pili, sijui kitu. Tulipojua, hata hospitali hawakuwa na la kufanya." Akatenganisha fundo jengine kwa vidole. "Nliposikia una maradhi ya ngozi, nkasema huyu n'takwenda kumwona mapema. Kama ana kitu tukijue, tumtibu. Sikuja kukukataa, mwanangu. Nani kakwambia nnakuja kukukataa?"

Hakuna aliyeniambia. Tulijiambia wenyewe. Wiki nzima nyumba yetu ilikuwa roho juu kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa na wasiwasi juu yangu kabla hajaniona. Nilitaka kucheka, nilitaka kumwomba radhi kwa yale niliyomwaza usiku, na kwa kuwa midomo yangu bado ilikuwa minene sikufanya lolote. Nikaegemeza kichwa kwenye goti lake, lile bovu, na hakukiondoa.

"Hapa kwenu, sikiliza somo lako," akasema. "Kazi yake ni hiyo. Lakini ukija kwetu, kitu kikikuunguza, sema. Usingoje mimi niague."

Alhamisi uvimbe ulishuka. Ijumaa uso wangu ulikuwa laini, na hata wale walionong'ona mlangoni waliniomba niwaambie nimepakwa nini. Somo aliwajibu kwa niaba yangu kwamba ni singo maalumu ya nazi za Mtoni, na hakutaja pilipili. Nilimwachia. Aliendelea kusinga mabibi harusi kwa miaka mingi, na watu walikuwa wakishangaa kumwona, kabla hajatwanga chochote, akikilamba kinu. Wengine walidhani ni uganga.

Nilihamia Mtoni Jumamosi. Siku za mwanzo nilikuwa ndani, napikiwa, natembelewa, nakaa na macho yangu chini kama nilivyofunzwa. Kisha siku moja tukakaa mkekani kula wote pamoja, mume wangu, shangazi, na jamaa wawili watatu wa nyumba ile, sinia la wali katikati na bakuli la mchuzi wa pweza alioupika shangazi mwenyewe. Nilitia tonge la kwanza mdomoni. Ulikuwa mkali sana. Nikasikia moto ule ule nilioujua, ukipanda puani.

Nikaangalia wenzangu. Walikuwa wanakula, wanatoka jasho, hakuna anayesema. Nikafikiria kumeza na kunywa maji. Nikafikiria adabu, na mama, na somo. Nikaliweka tonge la pili kwenye sinia.

"Shangazi," nikasema, "pilipili imezidi. Inaniunguza."

Wote wakaacha kutafuna. Mume wangu aliniangalia kwa macho yale yale ya siku ya bawaba. Shangazi akajipangusa mkono, akanyanyuka kwa shida ya magoti yake, akaingia jikoni. Tukasikia nazi ikivunjwa, kisha mbuzi ikikuna. Aliporudi alimimina tui zito juu ya mchuzi wote, akauchanganya, akanisogezea bakuli upande wangu.

"Onja," akasema. "Na ikiwa bado, sema tena."

Haikuwa bado. Nilikula mpaka nikashiba.